Ule Ukimya wa Kwenye Pikapu ni Wangu

Nyie vijana mnaojifunza kazi ya sauti, kaeni vizuri, leo sina adabu nyingi. Nimeletewa karatasi. Ni maneno ya kijitabu kitakachowekwa ndani ya sanduku la filamu ya Familia ya Pikapu, toleo jipya la diski, lenye kava gumu, kwa ajili ya wale watu wanaokusanya filamu za zamani na kuzipanga kabatini kama vyombo vya bibi harusi. Nikavaa miwani nikasoma. Sentensi ya tatu inasema kwamba katika dakika za mwisho za filamu, mwongozaji anachukua uamuzi wa kishujaa wa kuuondoa muziki wote, akaiacha familia na pumzi zake.

Uamuzi wa kishujaa! Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Halafu sikucheka tena.

Mwongozaji hakuwepo chumbani. Aliyekuwepo ni mimi, Mwanaidi, na mkono wangu huu wa kulia, na kwa mkono huu nilifukuzwa kazi, nikaitwa mharibifu mji mzima. Sasa dunia imegeuka, kilichokuwa uharibifu kimekuwa ushujaa, na papo hapo kikabadilishiwa mwenyewe. Kilipokuwa kosa kilikuwa changu. Kilipokuwa sifa kikawa chake. Thubutu! Sijafa bado.

Basi ngojeni niwasimulie, na katikati nitawafundisha mawili matatu ya kazi, maana najua nyie mkisikia bibi anagombana mnafurahi, lakini mkiambiwa kazi mnasinzia.

Filamu yenyewe ilikuwa hivi. Mjane mmoja ameachiwa na marehemu mumewe pikapu kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani. Ana watoto watatu na mama mkwe mwenye mdomo. Panatangazwa mashindano ya magari kutoka Bagamoyo mpaka Mkange, kwenye barabara ya udongo, na yule mjane anaamua kushindana, familia nzima ndani ya pikapu, bibi kiti cha mbele na mkoba wake wa tambuu. Ni kichekesho, lakini ndani yake mna uchungu. Watu wa Dar waliiona ya kishamba. Walitaka magari mapya na watu wanaopigana ngumi. Ikapita kama upepo, na walioipenda ni watoto na mama zao, watu ambao maoni yao hayaandikwi gazetini.

Mwongozaji alikuwa Faraji. Kijana wa Zinga, kijiji cha jirani na hapa Bagamoyo, mwembamba, ana kofia yake moja ya kitambaa na hasira za karibu. Alikuwa na kipaji, sitamnyima. Alimpata yule bibi wa kwenye filamu kwenye foleni ya maji, akamwambia, "Bibi, hebu nitukane tena vile ulivyomtukana yule," na bibi wa watu akawa mwigizaji. Picha zote alizipiga yeye, hadithi aliitunga yeye. Filamu ni yake. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akasema Mwanaidi ana choyo. Filamu ni yake, ila zile dakika tatu ni zangu.

Sasa sauti. Pikapu yenyewe ilikuwa mbovu kweli kweli, si ya kuigiza. Injini yake ilikuwa inakohoa tu. Nikarekodi siku ya kwanza, nikasikiliza, nikaona hii haishindani na mtu, hii inatafuta hospitali. Nikazunguka Zinga nzima nikitafuta mngurumo. Nikaupata kwenye mashine ya kusaga unga. Ile mashine ya dizeli bwana, ukiweka maiki nyuma yake, karibu na ule mkanda unaozunguka, inanguruma mpaka kifua kinatikisika. Mwenye mashine akaniuliza, "Dada, unarekodi unga?" Nikamwambia ndiyo, narekodi unga. Basi mpaka leo mkiiona ile pikapu inapanda kilima kwa nguvu, jueni ni mahindi ya watu wa Zinga yanasagwa. Kuna mahali, ukisikiliza vizuri, mama mmoja anasema "usinichanganyie na mtama." Niliiacha makusudi. Hakuna aliyewahi kuigundua.

Na matairi yakiserereka kwenye kona? Kandambili ya mpira, imeloweshwa maji, naivuta juu ya kioo cha dirisha kilicholazwa mezani. Vumbi likirushwa? Mchanga mkavu juu ya ungo. Leo mna maktaba ya sauti ndani ya simu, mnachagua injini kama mnachagua nyanya. Sawa, chagueni. Lakini mtu aliyesikia filamu mia atatambua kwamba gari lako na gari la mwenzako lina kikohozi kimoja. Pikapu yangu haifanani na gari la mtu.

Aliyenifundisha haya alikuwa Fundi Anthony, Mungu amrehemu. Mtu wa bara, Mkristo, alikuja pwani kutengeneza redio akakaa mpaka akazikwa hapa hapa. Karakana yake ilikuwa ukuta kwa ukuta na msikiti. Mimi niliingia kwake msichana mdogo nikiwa nimepeleka redio ya baba, nikauliza maswali mengi, akaniambia, "Wewe una masikio, kaa hapo." Nikakaa miaka.

Fundi Anthony alikuwa na spika mbili. Moja kubwa, nzuri, imefunikwa kitambaa. Nyingine ndogo, ya redio ya mkulima, imepasuka kwenye kona. Kazi zote alizisikiliza kwenye ile iliyopasuka. Nikamwuliza kwa nini. Akaniambia, "Hii nzuri ni ya kwangu. Hii mbovu ndiyo waliyo nayo watu." Kama nyie mnafanya kazi na hedifoni za bei mbaya, mkimaliza tu, zivueni, muisikilize kazi yenu kwenye simu ya bibi yenu yenye kioo kilichopasuka. Maneno yasiposikika pale, hamjamaliza.

Na alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Adhana ikianza, muziki unashuka. Uwe unafanya nini, uwe na mteja gani, unashusha. Alikuwa hasemi mambo ya dini hata kidogo, alikuwa akinyoosha kidole tu kuelekea ukutani na kusema, "Jirani anaita." Mimi nililelewa hivyo hivyo nyumbani, baba akisikia redio inaimba wakati wa adhana anakutazama mara moja tu, inatosha. Basi nyumbani hivyo, kazini hivyo, mara tano kwa siku, miaka nenda rudi. Mkono wangu ulikuwa haunisubiri. Unashusha wenyewe, mimi ninaitikia adhana moyoni, ikiisha mkono unapandisha, maisha yanaendelea.

Mnaona tunakokwenda?

Zamani zile kuchanganya sauti haikuwa kama leo, kwamba ukikosea unarudisha nyuma na kufuta. Pale karakanani tulikuwa na deki mbili, ya kuchezesha na ya kurekodi, na katikati yake miksa, ile mashine yenye vidude vya kusukuma juu na chini. Kidude kimoja cha maneno, kimoja cha injini na vishindo, kimoja cha muziki. Picha inakwenda, wewe unasukuma vidude papo kwa papo mpaka filamu iishe. Ukisimamisha katikati, picha inaruka na mstari mweusi unapita, kanda inaonekana kama nakala ya wizi. Kwa hiyo ukianza, umeanza. Kula kabla, jisaidie kabla.

Na kwa kawaida tulipanga saa zetu. Tunaanza baada ya adhuhuri, tunamaliza kabla ya alasiri. Siku ya Familia ya Pikapu umeme ulichelewa kurudi. Faraji alikuwa amekwisha kuahidi watu wa Dar kwamba kanda mama, ile ya kunakilia nyingine zote, itaondoka na basi la saa kumi. Umeme uliporudi tukaanza hapo hapo, hatukupiga hesabu ya saa. Fundi Anthony alikuwa mgonjwa nyumbani. Faraji alikaa nami saa nzima, akitingisha mguu, akila kucha, mpaka nikamwambia, "Toka bwana, unanitia kiwewe, nenda kale." Akaenda. Hoteli ilikuwa mkabala, akaagiza wali na samaki.

Nikafika mwisho wa filamu. Pikapu inaongoza, mara injini inazimika juu ya mteremko, na mstari wa mwisho unaonekana kule chini. Mjane anaweka gea huru, gari linaanza kuteremka lenyewe, taratibu, wengine wanakuja nyuma. Hapo palikuwa na muziki mkubwa, ngoma, tarumbeta, Faraji aliutafuta wiki mbili. Nimeupandisha muziki, umejaa chumba. Na jirani akaita.

Mkono ukashusha.

Sikufikiri, wanangu. Wala nisijisifu hapa kwamba nilikuwa na maono. Nilishusha muziki kama unavyojifunika mdomo ukipiga chafya. Maneno na vishindo sikuvigusa, kwa sababu pumzi na matairi si muziki, hakuna aliyewahi kunifundisha kushusha pumzi. Nikawa naitikia adhana, macho kwenye picha, moyo kwa jirani. Adhana ilipokwisha mkono ukapandisha, na filamu nayo ilikuwa imefika kwenye majina. Muziki ukaingia kwenye majina, tarumbeta zote zile, wakati ambao watazamaji wanakuwa wamekwisha kuinuka.

Nikaduwaa. Nikajua nilichofanya. Nikasema nirudie. Nikarudisha kanda, nikanyoosha mkono kubonyeza, umeme ukakatika.

Faraji akarudi ananukia samaki. Akaniuliza, "Tayari?" Nikamwambia, "Tayari, ila mwisho pale muziki umeshuka." Akaniuliza, "Umeshuka sana au kidogo?" Kule nje kondakta anapiga kelele basi linaondoka. Nikamwambia, "Kidogo."

Kidogo! Muziki haukuwepo kabisa. Nilimdanganya. Niliogopa, na nikajidanganya kwamba hakuna atakayeona. Akaichukua kanda akaenda mbio nayo, Dar wakanakili, wakampa kondakta wa kesho yake akairudisha. Mkitaka kujua kosa langu maishani, ni hilo neno moja. Mkono wangu haukukosa, mdomo ndio uliokosa. Sikumwambia mtu kwa miaka yote hiyo, na nyie mtakapokuwa kazini mtakutana na siku ya kuulizwa sana au kidogo. Semeni sana, basi liende zake.

Jumamosi yake filamu ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza hapa Bagamoyo, alasiri, kwenye ukumbi wa video wa Bwana Karim, muuza vitambaa. Nyie hamjui ukumbi wa video. Watu hawaangalii kimya kule. Wanamshauri mwigizaji, wanamtukana adui, wanacheza na filamu. Bibi wa kwenye pikapu akifungua mdomo tu ukumbi unaanguka. Tukafika mteremkoni. Injini ikazimika. Watu wakapiga yowe. Halafu muziki ukashuka.

Mwanzoni mtu mmoja akasema, "Sauti hiyo!" Mwingine akamwambia nyamaza. Na wakanyamaza, nyote mnisikie, ukumbi wa video wa Bagamoyo siku ya Jumamosi ulinyamaza. Matairi yanakwaruza mchanga. Mtoto mdogo wa kwenye filamu anapumua kwa pua iliyoziba, maana alikuwa na mafua kweli siku ile ya kupiga picha. Kamba ya mlango inalia nyii, nyii. Mama mmoja muuza samaki aliyekaa pembeni yangu akanishika kifundo cha mkono, hanijui simjui, akanibana mpaka kukabaki alama. Nilijikuta nalia. Gari linakwenda polepole mpaka unataka ushuke ukalisukume. Na pua ya pikapu ilipogusa mstari, ukumbi ulilipuka, viti vikaanguka, watu wakakumbatiana na watu wasiowapenda.

Faraji hakuyaona hayo. Muziki uliposhuka tu alitoka nje. Alisimama barazani kwa Bwana Karim, amejishika kichwa, na aliposikia kelele za mwisho alidhani anazomewa. Nilipotoka akaniambia, "Kidogo, eh? Kidogo?" Nikafungua mdomo nimweleze, hakutaka kusikia. Wiki ile ile maduka ya Dar yakaanza kurudisha kanda, wanasema sauti imekatika, bidhaa mbovu. Akaja karakanani akaitoa kanda mama kwenye mfuko, akanitupia mapajani. "Chukua takataka yako. Na kazi yangu usiiguse tena." Fundi Anthony alijaribu kumtuliza, wapi!

Basi nikaichukua takataka yangu.

Nikaendelea na maisha. Nilirekodi maharusi, maulidi, kwaya, mikutano ya vijiji, mpaka masikio yakaanza kupiga filimbi yenyewe nikajua imetosha, nikastaafu. Na kila mahali palikuwa na mtu wa kunikumbusha. "Mwanaidi, harusi yangu usiikate sauti." Hahaha. Nacheka nao, nikifika nyumbani sicheki. Faraji naye aligeukia harusi. Tukikutana kwenye shughuli, yeye na kamera, mimi na maiki, tunasalimiana kama watu wa foleni.

Na ile kanda niliitunza. Sikilizeni, hili la kazi. Pwani hii ina chumvi na unyevu, na kanda inaota ukungu mweupe kama mkate. Kanda hailazwi, inasimamishwa kama kitabu. Soksi safi, ndani yake mchele mkavu, unaiweka kwenye kopo pamoja na kanda, na mchele unaubadilisha mvua zikianza. Mara moja kwa mwaka unaikunjua mpaka mwisho na kuikunja tena, ili isigandamane. Nimefanya hivyo mwaka hadi mwaka kwa kitu nilichoambiwa ni takataka. Wanangu wa kuzaa walidhani nina wazimu. Pengine.

Kumbe huko nje nakala za nakala zilikuwa zinazunguka. Watu wakazitia kwenye mitandao, picha ina theluji, zile chenga nyeupe, rangi imegeuka kijani, lakini ukimya ule ule. Vijana wakaanza kuandikiana: umeuona ule mwisho? Mwisho gani huo, mbona hakuna aliyewahi kufanya hivi? Wakamtafuta Faraji. Wakamwalika kuzungumza mbele ya wanafunzi. Na mara ya kwanza alipoulizwa, "Mzee, ulifikiria nini kuuondoa muziki?" akajibu jambo. Sijui alijibu nini. Lakini alijibu, na ukishajibu mara ya kwanza, mara ya pili inakuwa rahisi.

Halafu akaja Rehema. Binti wa Dar, mpole, yeye na wenzake wawili wana kampuni ndogo ya kutoa upya filamu za zamani. Akapiga hodi, "Shikamoo bibi," nikamwitikia, akakaa mkekani bila kuambiwa mara mbili, nikampenda. Akasema wametafuta kanda mama miaka miwili, nakala zote ni mbovu, wamesikia ninayo. Nikamtolea. Alivyoishika! Kwa viganja viwili, kama mtoto mchanga. Nikampa ruhusa aitazame kwenye mashine aliyokuja nayo, picha ikatoka safi, kamba ya mlango unaihesabu nyuzi. Binti akatokwa na machozi. Kisha akanionyesha ile karatasi ya kijitabu, kwa furaha zake, hakujua.

Nikaitoa kanda kwenye mashine, nikairudisha kwenye kopo.

"Bibi, kuna nini?"

"Kuna uongo, mwanangu. Ukirekebisha, njoo uichukue. Usiporekebisha, itabaki hapa na mchele wake."

Nikamsimulia yote, isipokuwa lile neno moja. Akaniambia kwa heshima kwamba Mzee Faraji mwenyewe ndiye aliyesema. Akaniambia ukungu umeanza kwenye ukingo wa kanda, haina miaka mingi, na ikifa imekufa kwa wote. Nikamjibu, "Basi itakufa inajua mama yake." Msinitazame hivyo. Najua nilivyosema. Ningeirudia leo.

Siku ya tatu akaja Faraji mwenyewe. Amezeeka, anatembea na fimbo, kofia ile ile nadhani. Hakuingia ndani, alikaa barazani. Nilimletea maji, akayaweka chini.

"Mwanaidi, tunagombania nini na umri huu?"

"Mimi sigombanii. Mimi nimekaa kwangu."

Akaivua kofia. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Wajukuu zangu wananijua kwa kitu kimoja tu. Ukikichukua, nabaki mpiga picha za harusi."

Iliniuma, siwafichi. Nilimwona kijana wa Zinga mwenye hasira za karibu, ameishia hapo. Mtu mwenye huruma angesema chukua, mimi nina nini cha kupoteza. Na hivyo ndivyo tulivyofundishwa sisi wanawake wa kazi za nyuma, kusema chukua. Nikamwambia, "Na wajukuu zangu mimi wananijua kwa kitu gani, Faraji? Bibi aliyeharibu filamu. Wewe ukinyang'anywa utabaki na pikapu, na bibi mwenye mdomo, na hadithi nzima. Mimi nina dakika tatu tu. Ndizo unazozitaka?"

Akanywa yale maji, akaondoka.

Wiki moja baadaye Rehema akapiga simu. Katika diski hizi, kumbe, kuna kitu wanakiweka: unaweza kuitazama filamu huku unawasikia waliotengeneza wakiizungumzia, toka mwanzo mpaka mwisho. Mzee Faraji amekubali kurekodi, akasema, kwa sharti moja. Nikauliza sharti gani. "Kwamba na wewe uwepo. Na afanyie kwako."

Nikaoga, nikavaa dera jipya, nikamwambia Rehema maiki yake aiweke kwenye mto, sio mezani, maana mzee atagonga meza. Alikuwa amekwisha kuigonga mara mbili kabla hatujaanza. Tukakaa watatu mbele ya televisheni yangu, kanda ikaanza, na haki ya Mungu tulicheka. Nilimwambia habari ya mashine ya unga, hakuwahi kujua. "Usinichanganyie na mtama," akarudia, machozi yanamtoka. Kwa saa nzima tulikuwa vijana.

Tukafika mteremkoni. Injini ikazimika. Muziki ukashuka. Rehema akamgeukia, binti ana kazi yake, ilimbidi aulize. "Mzee, watu wengi wanaupenda sana mwisho huu. Ulifikiaje uamuzi wa kuondoa muziki?"

Mimi nilitazama mbele, sikumsaidia.

"Sikuufikia," akasema. "Nilikuwa hotelini nakula wali. Aliyeufanya ni huyu hapa, na nilimfukuza kwa ajili hiyo. Nikamwita mharibifu. Na walipokuja kunisifu, nikapokea. Naomba neno hili libaki hivyo hivyo, msilikate."

Basi na mimi nikaona siwezi kukaa na la kwangu. Nikasema, "Na mimi nilikudanganya. Uliniuliza sana au kidogo, nikakwambia kidogo. Muziki wote ulikuwa umekwenda na nilijua. Ningesema kweli ungengoja umeme urudi, na kanda zisingerudishwa."

"Na ukimya usingekuwepo," akasema.

"Usingekuwepo."

Tukatazamana. Rehema amejishika mdomo. Na kwenye televisheni majina yalikuwa yanapanda, tarumbeta zinalia. Hapo Faraji akaniambia neno lililonivunja mbavu na moyo kwa pamoja: "Unajua sijawahi kuutazama? Siku ile nilitoka nje. Tangu hapo kila nikifika mteremkoni nazima. Nimewahutubia watu juu ya kitu nisichokijua."

Miaka yote ile! Na sasa tena amekuja kwangu kuutazama, na tumeufunika kwa maungamo yetu.

"Rehema," nikasema, "irudishe nyuma mpaka juu ya kilima. Maiki iache iendelee kurekodi. Na safari hii atakayetia neno nitamtoa nje."

Akairudisha. Injini ikazimika. Muziki ukashuka, na hakuna aliyesema kitu. Faraji alisogea mbele kwenye kiti, mikono juu ya fimbo. Akasikia mchanga. Akasikia kamba ya mlango. Yule mtoto mwenye mafua alipopumua, mzee naye akavuta pumzi, na hakuitoa mpaka pikapu ilipogusa mstari.

Rehema aliniomba radhi baadaye, mlangoni. Kijitabu atakiandika upya, jina langu na kosa langu na kila kitu. Ila ana wasiwasi na ile sauti ya mazungumzo yetu. Mnunuzi atakuwa anasikiliza watu wanazungumza vizuri, mara kimya dakika tatu nzima. Watadhani diski mbovu. Watairudisha.

Nikamwambia wakiirudisha, awaambie ni Mwanaidi aliyefanya, na safari hii kwa makusudi.